Nitamfasiri Neno kwa Neno

Jumatatu, 7 Aprili

Amenipigia! Mwaka mzima namsubiri, na leo saa tatu asubuhi sauti hiyo, tamu, kana kwamba hajawahi kunifanyia kitu. Bwana Ratiba mwenyewe, msimamizi wa hafla za mji. Jumamosi wanagawa vibanda vya soko jipya, awamu ya pili, na safari hii wakubwa wanataka hafla "jumuishi". Neno hilo kalitaja mara sita. Hafla jumuishi, jukwaa jumuishi, mpaka viti jumuishi — sijui vinakaliwaje. Anahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Nikajibu kwa adabu zote: nitakuja, mzee.

Nitakuja, ndiyo. Awamu ya kwanza alinitoa jukwaani akanisimamisha nyuma ya chungu cha maua, eti mikono yangu inawaharibia wapiga picha. Mdogo wangu, fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni, alikaa chini akinitafuta kwa macho. Jina lake likaitwa. Nilipiga kelele kwamba yupo, muziki ukanifunika. "Hayupo, tuendelee!" Kibanda chake cha kona akapewa muuza sufuria. Mpaka leo mdogo wangu anashonea barazani kwa watu, na mvua ikija anaikumbatia cherehani yake kama mtoto mgonjwa.

Simsamehe. Sitaki hata kujaribu.

Jumatano, 9 Aprili

Kikao cha maandalizi. Kikao cha ujumuishi — ghorofa ya tatu, lifti mbovu! Mwakilishi wa wenye viti vya magurudumu alibaki chini, akapelekewa chai na nakala ya ajenda. Hakuna aliyeona aibu ila mfagizi.

Bwana Ratiba alitaka nivae glavu za kumetameta. Nikamwambia vidole ndiyo maneno yenyewe, mzee, ukivivika glavu ni sawa na kunitia kitambaa mdomoni. Akaniacha. Nikaomba jambo moja tu: nisimame bega kwa bega naye, pale pale penye kipaza sauti. Akakubali! Akafurahi hata, picha itapendeza.

Hajui anachokubali. Yule hawezi kunyamaza. Akigeuka pembeni anamnong'oneza katibu wake, na mnong'ono wake ni wa mtu anayeita jirani ng'ambo ya barabara. Na kazi yetu ina sheria: kinachosikika jukwaani kinafasiriwa. Kikohozi, simu inayolia, tusi. Sitaongeza chumvi hata chembe. Nitamfasiri neno kwa neno, ajivue nguo mwenyewe.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemweleza mdogo wangu nikidhani atacheka. Akaacha kushona. Akasema kwa mikono, polepole, kama anayemfundisha mtoto: Dada, usinilipizie. Mimi nataka kibanda. Jina lake ni la tisa kwenye orodha.

Nikaahidi. Mikono iliahidi, moyo umenuna kando.

Jumamosi, 12 Aprili. Saa nane mchana

Naandikia gotini, kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Ratiba. Mdogo wangu yuko pembeni yangu, kavaa shati jipya alilojishonea kwa ajili ya leo.

Hotuba zilikwenda salama. Nilijizuia, Mungu shahidi. Viziwi ishirini na wawili safu ya mbele, macho yote kwangu. Yakaanza majina. La sita lilipoitwa, mwenyewe mama muuza mboga, kiziwi, viziwi wote wakashangilia kwa kupunga mikono juu. Bwana Ratiba akatazama saa, akamgeukia katibu: Hawa mabubu wanatuchelewesha, hata ukiwasomea orodha ya marehemu watashangilia tu.

Nikaifasiri. Yote! Nikamnyooshea na kidole aliyesema, wasije wakadhani ni mimi.

Mwenyekiti wao, mwashi mmoja mwenye mabega mapana, akasimama. Akaligeuzia jukwaa mgongo. Mmoja baada ya mwingine wakageuka, migongo ishirini na miwili, na kwa kiziwi hakuna jibu kali kuliko hilo, maana anayekupa mgongo kakuzibia masikio. Bwana Ratiba akanitazama mikono, na kwa mara ya kwanza niliona anaiogopa. Lo, utamu! Nikairudia sentensi, kwa ajili ya kiziwi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Nikairudia nikiionja.

Mkalimani siku zote yuko nyuma ya msemaji kwa sentensi moja. Mimi nilikuwa nyuma kwa majina matatu. Yule alikuwa kaendelea kusoma, kwa jasho, haraka haraka, atoke pale. Nikasikia "hayupo". Nikakimbiza mikono: jina la mdogo wangu, jina lake, jina lake! Hewani. Mgongo wa mdogo wangu ulikuwa umenyooka, shingo juu, anajivunia wenzake. Nikaruka chini kutoka jukwaani. Nilipomshika bega, mtu wa kumi alikuwa tayari anapeana mkono na wakubwa.

Nimeomba jina lirudishwe. Katibu kasema inawezekana, orodha inapelekwa kwa wakubwa saa tisa, sahihi ni ya Bwana Ratiba peke yake. Akaingia ndani. Akatoka na karatasi tupu na kalamu: Mzee anasema uandike kwamba ulikosea kufasiri, dada. Kwamba yeye hakusema vile. Ukishaandika, kibanda kipo.

Maana yake niwaambie watu ishirini na wawili kwamba mikono yangu ni ya uongo. Watanitazama tena nani? Na nisipoandika, mvua za mwezi huu zinamkuta barazani.

Mdogo wangu kaniuliza mara mbili: Aliniita? Sikuona. Nimemwambia asubiri. Anatabasamu. Anasema mgongo wa leo atausimulia mpaka uzeeni, na kwamba ananisamehe ahadi niliyoivunja. Halafu kauliza kibanda chake ni cha namba ngapi.

Karatasi ya katibu bado tupu. Kalamu yake ndiyo hii ninayoandikia humu. Saa tisa kasoro dakika nane. Mlango umefunguka — katibu ananiona nimeinama, naandika, anauliza kama nimeshamaliza