Upepo wa Juu ya Lubero

Beni, siku ya Mungu

Mama Kavira, bibi yangu,

Jambo kwako na kwa batoto. Kavira alipona ile kikohozi? Mahindi ya shamba ya Kipese iliota, ao baaskari balikula yote mubichi? Miye, mwili iko. Lakini kusema niko muzima, hapana.

Ikaa kwanza. Mama yako hayuko tena. Tulimuzika hapa Beni.

Vita ilipokaribia Kirumba, patron, mwenye kamyo, aliniambia nipakize maharagi na viazi, nikimbize kamyo huku. Batu balipanda juu ya magunia, mama yako kati yao, na homa. Nilimufunika vizuri chini ya bashi, ile turubai ya kufunika mizigo. Mu cabine, kando yangu, mulikuwa kapiteni moja na baaskari wake babili. Nilimuomba: "Mon capitaine, ule ni mama mukwe wangu, anagonjwa. Umupatie nafasi." Alijibu na Lingala: "Azali mama na ngai te." Si mama yake, donc hapana.

Pale juu, mbele ya kufika Lubero, upepo ikatupiga ubavu wa kushoto. Bashi ikavimba, kamyo ikayumba mpaka matairi ya kushoto ikaacha udongo. Kuume ni bonde tu. Batu banalia "Yesu! Yesu!" Nikasimamisha pole pole, sababu ukikanyaga freni na nguvu, kamyo inalala ubavu. Tukashusha maharagi ile ya juu, tukaipanga chini kabisa, ingine tukaiacha kando ya njia. Tukaenda kidogo, ikayumba tena. Ilibaki kutoa bashi, juu yake ndiyo ilikuwa inashika upepo.

Wingu ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Nikapanda kwa mama yako.

"Mama, nikiitoa, mvua itakunyeshea."

Akaniangalia. "Kambale, tuko batu bengi hapa. Toa."

Nikatoa. Niliendesha na deuxième, gia ya pili, polepole. Upepo ikisukuma, naacha volan, ule usukani, iende kidogo, nairudisha pole. Kamyo haikuanguka, mutu hata moja hakuumia. Lakini mvua na upepo ilitupiga mpaka Butembo, na kule kapiteni alikataa tusimame. Kufika Beni, kifua ya mama ilikuwa imejaa. Bamasista balimupa dawa. Alisema neno moja tu: "Baridi." Asubuhi akaenda.

Batu ba ile kamyo balikuja kuzika. Balinishukuru, balinikamata mikono.

Sasa baaskari balinyanganya kamyo, na miye pamoja nayo. Napeleka masasi ya bunduki upande wa Kalunguta. Nikikataa, bataniua. Njia ya kurudi imefungwa. Hapana kuningojea, bibi yangu. Mufanye kilio huko, bila mwili, bila miye.

Kaka yako mwalimu, umuambie wewe habari ya mama. Miye sina mudomo. Umusalimie mama yangu, na shangazi anayekusaidia kulima. Batoto ubashike karibu.

Nilitaka kukutumia kitenge yake ya bluu. Tulimuzika nayo, sababu nguo zake zingine zote zilikuwa bado na maji.

Ni miye bwana yako,
Kambale