Neno Nililompa Chola

Jumatatu, 3 Septemba 1973

Nimefua jezi za timu mwenyewe, tena. Mama mfuaji ana msiba. Kamba ya uani imejaa kijani kitupu na majirani wanacheka. Wacheke. Goti la kulia linauma, la kushoto linaliunga mkono.

Citoyen Président, Mwananchi Mwenyekiti wa timu, alikuja saa ya chakula. Abakosi mpya, ile suti isiyo na tai, viatu vinang'aa. Alikataa kiti kwa sababu ya vumbi. Jumapili tunacheza na wanafunzi wa chuo kikuu, kule Kasapa. Tukishindwa, yeye ana mtu wake Kinshasa, mtu wa diploma. Huyo atateremka na ndege uwanjani Luano wiki ijayo na kuchukua timu. Mimi, kocha wa leo, nitabaki mchezaji tu, mpaka miguu ikatae.

Alisema kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya. "Weye cheza tu, citoyen. Kucheza njo kazi yako."

Nimekasirika. Mama kapika sombe, kisamvu chetu, na sikuonja ladha yake.

Jumanne, 4 Septemba

Nimelala vibaya. Nimefikiria maisha yangu, jambo ambalo halimfai mtu mwenye goti bovu.

Baba Mwitalia, mwashi. Mama wa hapa hapa, Katuba. Nilikua nikila bukari, ugali wa huku, kisha Baba akanichukua kwao, nikajifunza mpira na baridi. Miaka yote kule nilicheza nyuma. Beki wa kulia akiumia, mimi. Wa kushoto akifungiwa, mimi. Wa kati akienda kuoa, mimi. Siku moja hata golini, kipa alipotolewa nje. Walinisifu sana: huyu anacheza popote. Maana yake huyu hana pake. Kiraka. Na kiraka hakichagui suruali.

Msimu wa mwisho tu ndipo waliponipa mahali pa libero. Beki wa mwisho. Hamkabi mtu yeyote, anabaki nyuma ya wenzake wote, anaona uwanja mzima, anaziba panapotoboka. Pale nilijisikia nyumbani. Kisha nikazeeka.

Hapa mwaka mzima nimekuwa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, na ninacheza pale pale. Lakini mtu hawezi kuwa mpishi na kuni. Nimeamua. Jumapili nitakaa kwenye benchi, kocha mtupu. Mahali pangu nampa Chola.

Chola anafanya kazi kwenye tanuru la shaba. Ana mwili wa mlango. Haongei mpaka akanyagwe. Anaona mpira kabla haujafika, na hilo halifundishwi. Kila wiki namtuma amkabe mtu fulani, naye anamkaba mpaka yule mtu anaomba poo. Ni kumharibu. Apewe uwanja wote.

Kesho namwambia. Nina furaha kama mwenye harusi.

Jumatano, 5 Septemba

Nimemwambia! Mbele ya wote, ili heshima iwe kubwa. Nilimshika bega, nikapaza sauti: "Chola, toka leo weye uko libero. Hauna tena na muntu. Utabakia nyuma ya benzako."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani ni wivu. Chola alitazama chini, akasema, "Aksanti, Yaya," yaani kaka mkubwa, akaenda kuoga kabla ya mazoezi kuanza. Macho yalikuwa na maji, niliyaona. Mtu wa tanuru analia kwa furaha!

Nimerudi na baiskeli nikiimba. Mama kauliza kama nimelewa.

Alhamisi, 6 Septemba

Chola hakuja.

Jezi yake ilikuwa kwenye benchi. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kuliko zangu zote. Nikawauliza wenzake. Kila mmoja alikuwa na kamba ya kiatu ya kufunga. Kipa peke yake ndiye aliyejibu: "Iko mambo yenu, Yaya."

Mambo yetu gani? Nampa mtu kiti changu mwenyewe naye anakimbia. Najua kilichotokea. Kasapa wamemchukua. Wanafunzi wana marafiki wakubwa, wamemwahidi kazi ya ofisini. Tenda wema nenda zako, walisema wazee, lakini hawakusema uende na hasira hii.

Nimempigia kelele kipa bila sababu. Nimempigia kelele hata mbwa wa jirani. Jumapili nitavaa jezi, nitaingia, nitaziba tundu, na Citoyen Président atakuwa amesema kweli juu yangu.

Ijumaa, 7 Septemba

Niandike haya polepole, maana bado aibu inanichoma.

Mama alikwenda sokoni kununua bitoyo, yale masamaki ya chumvi, akamkuta mke wa Chola. Wanafahamiana kanisani miaka mingi. Leo mke wa Chola hakumsalimia. Mama si mtu wa kuachwa bila salamu, akamfuata mpaka kwenye mchicha. Yule mama akageuka, akasema, "Mutoto yako alifukuza bwana yangu mbele ya bantu yote. Kama kikapu ya kutoboka."

Mama alirudi nyumbani bila bitoyo. Akasimama mlangoni.

"Ulimwambia nini ule muntu?"

Nikarudia maneno yangu, kwa fahari kidogo hata. Akaniambia nirudie tena. Nikarudia. Akakaa chini kwenye kizingiti na kuanza kucheka, akicheka na kujipiga mapaja, mpaka nikaogopa pumzi yake.

"Libero! Libero njo nini? Siye huku tunajua libéré tu!"

Ndipo akili ikanijia. Hapa mjini kazini wanafukuza kwa Kifaransa. Mkubwa akikuita na kusema uko libéré, umeachiliwa, unachukua sahani yako ya chakula na kwenda zako nyumbani. Hakuna mtu wa tanuru asiyelijua neno hilo. Wanalisikia wakilala. Na mimi, kuhakikisha limeingia vizuri, nikamwongezea: hauna tena na mtu. Utabaki nyuma ya wenzako.

"Hata miye ningelia," Mama alisema, akipangusa macho.

Nilicheka pia. Kisha nikaacha. Mimi ninayeandika hapa kwa Kiswahili, kwa sababu hasira zangu na njaa yangu huja kwa Kiswahili, nilichukua neno la ugenini ili nionekane kocha mkubwa. Kiswahili ninacho tele. Nilitaka kulipamba jambo. Pambo likamkata mtu.

Jumamosi, 8 Septemba

Baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mji, mikono bado ina harufu ya nyasi za barabara nzima, nikapanda baiskeli mpaka upande wa Annexe, pembeni mwa mji. Chola ana kipande cha shamba kule. Nilimkuta anainua matuta kabla mvua haijaja.

Alinijibu salamu. Jembe halikusimama.

Mtu hawezi kusimama mikono nyuma akimwambia mambo mazito mtu anayelima. Hilo nililijua kabla sijaijua Italia. Kulikuwa na jembe la mke wake chini ya ukuta. Nikalichukua, nikaingia kwenye tuta la pili. Tukalima. Ardhi ngumu kama tofali. Tuta langu lilipinda kama nyoka. Aliliona, akaendelea na lake.

Katikati ya shamba nikaanza. Nikamwambia libero ni nini. Nikachora kwenye udongo: hawa wanne wanakaba, kila mmoja na mtu wake. Wewe humkabi mtu. Unakaa nyuma, unawaona wote, unawapanga wote. Ni mahali pangu mimi, nilikuwa nakupa.

Alitazama mchoro. Kisha akanitazama mimi.

"Juu ya nini haukusema mu Swahili?"

Niliweka jembe chini. Nikasema tu, "Nisamehe."

"Ule muntu wa nyuma, anaambia benzake fanya hivi, fanya vile?"

"Ndiyo."

"Basi iko kapita." Akapiga jembe. "Ungesema kapita, ningesikia."

Kapita! Msimamizi wa kazi. Neno hilo kila mtoto wa mji huu analijua kabla ya jina la babu yake. Chola ameungojea ukapita pale tanuruni tangu alipoanza kazi, wamewapa wengine. Nami nilikuwa nao mfukoni, nikampa kitu kingine.

Nikamwomba aje kesho. Alikataa kusema ndiyo.

"Ulinifukuza mbele ya bantu. Utanirudisha mbele ya bantu."

Ni haki yake. Kesho chumbani mwa wachezaji Citoyen Président atakuja kuhutubia kabla ya mechi. Nitaomba msamaha mbele yake, siku ile ile anayotafuta sababu ya kuniondoa. Mikono ina malengelenge. Naogopa, siyo kidogo.

Jumapili, 9 Septemba

Alikuja. Na mke wake, gauni la kanisani, akasimama mlangoni pa chumba cha wachezaji kama askari. Citoyen Président alikuwa ndani tayari, katikati ya hotuba.

Hotuba ilipokwisha nikasimama. Nikasema nilikosea. Nikasema Chola hakufukuzwa, nilitumia neno baya, neno sahihi ni kapita, na toka leo kapita wa nyuma ni yeye. Jezi nikampa kwa mikono miwili.

Kipa akaanza kucheka. Kisha wote. Walikuwa wamelisikia kama alivyolisikia yeye, kila mmoja wao, na tangu Jumatano walikuwa wanangoja nani atafuata. Mke wa Chola hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, akaenda kutafuta pa kukaa.

Citoyen Président akanivuta pembeni. "Chef haombi musamaha mbele ya bantu yake, citoyen. Umekwisha."

Mechi. Wanafunzi na ngoma zao, wanatuimbia kwa Kifaransa kirefu. Walifunga mapema. Chola alisahau, alimfuata mtu wake kwa mazoea mpaka pembeni, nyuma pakabaki wazi kama soko la jioni. Mmoja wao akapita katikati akitembea.

Citoyen Président alikuwa nyuma ya benchi. "Vaa! Ingia weye!" Jezi yangu nilikuwa nayo, ndani ya shati. Niseme kweli: nilitaka. Miguu ilikuwa inasimama yenyewe. Nikiingia, tunasawazisha pengine, na mimi ni kiraka mpaka siku ya kufa. Nilishikilia benchi kwa mikono yote miwili. Malengelenge yakapasuka.

Mapumziko nilikuwa na mengi ya kusema. Nikayameza. Nikamwuliza Chola jambo moja tu: "Kapita, unaona nini?"

Naye, mtu asiyeongea mpaka akanyagwe, akaongea. Huyu asipande. Huyu asogee ndani. "Ule mufupi, mumuache aje. Miye niko." Waliinamisha vichwa wakimsikiliza. Mimi niligawa maji.

Kipindi cha pili hapakupita kitu. Hakukimbia sana. Alikuwa anafika tu. Alikuwa anapiga kelele, Chola huyu, nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nene, ya kushindana na tanuru. Karibu na mwisho tukapata kona, mshambuliaji wetu akaugusa kwa bega, si kwa kichwa, ukaingia. Bao ni bao.

Sare. Citoyen Président alikwenda bila kuaga. Alisema tukishindwa. Sare hakuitaja, wala mimi sikumkumbusha.

Sijui kama bado nina timu. Nimekula vizuri.

Jumatatu, 10 Septemba

Hakuna habari. Ndege ya Kinshasa imepita juu ya nyumba ikielekea Luano. Nimetoka uani kuitazama. Mama kasema si ndege zote zinazokuja kwa ajili yangu.

Jumanne, 11 Septemba

Asubuhi Citoyen Président alisimamisha gari mbele ya Mama njiani, hakushuka. Alisema: "Ambia citoyen aendelee." Basi. Mama alinifikishia ujumbe huo pamoja na bitoyo, kwa uzito ule ule.

Mchana gurudumu la baiskeli lilipasuka. Nikaisukuma njia yote, jasho, vumbi, nikijua nimechelewa na kwamba watakuwa wamekaa wanangoja, kama kawaida yao.

Nilisikia sauti kabla sijafika. Chola alikuwa amekwisha wapanga. Mabeki walikuwa mstarini, wanasogea pamoja, wanarudi pamoja, kipa anapiga mipira mirefu, na mchezaji mpya mmoja akichelewa anarudishwa bila matusi. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hakuna aliyenihitaji kwa lolote.

Niliegemeza baiskeli ukutani. Nikakaa kwenye nyasi, nikanyoosha miguu, nikawatazama mpaka walipomaliza.