Kifuniko Kwenye Sehemu ya Polepole

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na nyumba yako bado inafunga madirisha Jumapili alasiri, kwa mazoea tu.

Ulikuwa fundi lifti. Kutwa nzima ulipanda maghorofa ya watu, sikio umelibandika kwenye mlango wa chuma, na ulijua mota inaumwa kabla mwenye jengo hajajua. Sikio hilohilo ulirudi nalo nyumbani kwenye piano, fidla na okestra. Majirani walikuita Bwana Kimya, maana mgeni alikuwa hathubutu hata kukohoa sebuleni kwako.

Umetuachia daftari la jalada la kijani, lenye rekodi zote ulizoona zinafaa kusikilizwa. Tunalisoma na kucheka. "Wapiga fidla wana haraka utadhani wameacha chungu jikoni." "Mpiga piano huyu anajisikia mno, ila mkono wa kushoto anao, tumsamehe." "Hii msikilize mkiwa mmeshiba." Sifa ulikuwa mchoyo nazo, hata kwetu wanao. Ukimwambia mtu "si mbaya", alitembea kifua mbele wiki nzima.

Kanda moja ndiyo iliyoleta maneno. Ulikuwa unarekodi tamasha la piano kutoka redioni, kinasa sauti umekiweka mbele ya spika, sisi tumekaa hatupumui. Ikafika sehemu ya polepole. Okestra ikanyamaza, piano ikabaki peke yake, na kule jikoni kifuniko cha sufuria kikamponyoka Mama, kikazunguka sakafuni mpaka kikachoka chenyewe. Ulisema, "Basi." Hukusema neno lingine mpaka kesho yake.

Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na tisa, ukiwasha muziki Mama alibeba kiti chake akaenda kukaa uani. "Mimi na piano ya baba yenu hatuivi chungu kimoja," alisema, nasi tukacheka. Kumbe hakuwa anatania. Wiki tuliyokuzika alimwuliza shangazi, "Wifi, hivi kaka yako ameondoka amenisamehe ile kanda?"

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga rekodi zako ili tumpe mwalimu wa muziki wa shule ya jirani. Kitinda mimba wako akasoma kwa sauti ukurasa wa daftari ulioandika juu ya sidii aliyokuletea mkweo, ya tamasha lilelile, iliyorekodiwa vizuri ukumbini. Uliandika hivi: "Safi, haina kelele hata moja. Nimefika sehemu ya polepole nikasubiri kifuniko cha mama yao. Hakikuanguka. Nimerudi kwenye kanda yangu, ndiyo bora kuliko zote nilizonazo."

Mama aliomba asomewe tena. Halafu akasema, "Ameliambia daftari, mimi akaniacha uani."

Hapo ulikosea, mzee wetu, na tunakwambia wazi kwa sababu tunakupenda. Neno lile lilikuwa la kumwambia mwenyewe, tena mapema. Lilimuuma Mama miaka yote hiyo, na linatuuma na sisi tuliokuwa tunacheka.

Jumapili iliyopita alirudisha kiti chake ndani. Alifunga madirisha kwa mkono wake, akatuamuru tunyamaze, mkweo akanyang'anywa simu. Tukawasha kanda yako. Okestra ikanyamaza, piano ikabaki peke yake, kifuniko kikaanguka.

"Huyo ni mimi," Mama akasema.

Na wewe, ndani ya kanda, ukasema, "Basi."

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, mkweo, dada yako, wajukuu wako waliojifunza kukaa kimya wakiwa bado wanatambaa, na mafundi wenzako wa lifti. Rekodi nyingine zimekwenda kwa mwalimu. Kanda hatuitoi kwa mtu, na wewe hatutakusahau siku zote za maisha yetu.