Mwenye Tarrawinna

Tarrawinna, 6 Machi 1982

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga inaendelea kupona, na kwamba huko Adelaide kwa mwanao Clive wameshajifunza kukupikia chai nzito unayoipenda. Sisi huku wazima, ila mvua hakuna. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka.

Jumatano Clive alishuka na ndege ndogo akiwa na mabwana wawili wa kampuni ya nyama. Hakunipa taarifa. Waliizunguka nyumba, mmoja akapapasa ukuta wa mawe wa sebuleni, akauliza kama ni kazi kubwa kuubomoa. Walipofika zizini wakamkuta Tilly, rafiki yako wa tangu usichana, anamfunga farasi tandiko. Yule wa pili akamuuliza, "Bibi, mwenye ranchi hii ni nani?"

Tilly akamkagua kuanzia viatu mpaka tai. "Ni mimi. Kwani wewe umepotea?"

Wao walicheka. Tilly hakucheka.

Wakati wa kuondoka Clive akanishika bega. "Shemeji, we bado kijana. Rudi Coober Pedy kwa baba yako, mkachimbe mawe ya opali, utafute mume." Nilikuwa na kikombe cha chai ya moto mkononi, nikaogopa mkono wangu.

Mama, najua hati ya ranchi ina jina lako. Najua mume wangu Lloyd aliangukiwa na farasi akafa kabla hatujajaliwa mtoto, na binti wa Mgiriki mchimba mawe hana cha kudai kwenye ng'ombe wa ukoo wenu. Sidai. Naomba tu nisikie kutoka kwako mwenyewe: unauza?

Mkweo,
Stavroula


Adelaide, 2 Aprili 1982

Mkwe wangu Stavroula,

Salamu. Nyonga inauma na chai bado ni maji ya kuoshea vikombe. Vingine ni vizima.

Clive amesema ya kwake. Mimi sijasema ya kwangu. Kwanza nikueleze jambo ambalo Lloyd huenda alikusimulia nusunusu, maana yeye kila hadithi ikifika kwenye farasi alisahau watu.

Babu yangu Josiah alifika pale na ng'ombe wanaoanguka kwa kiu. Bibi mzaa mama wa Tilly, wa kabila la Waarabana, wenyeji wa asili wa palepale, ndiye aliyempeleka kwenye chemchemi, akamnywesha yeye na mifugo yake. Baada ya muda babu akarudi na karatasi ya serikali inayosema maji yale ni yake. Nyumbani kwetu ilisimuliwa kwamba Josiah aligundua maji. Tilly akiisikia, alikuwa anatema mate chini, pu, hata mbele ya mchungaji.

Baba yangu alimwachia ranchi kaka yangu Percy, kwa kuwa alikuwa mwanamume. Percy alipenda kutazama farasi wakikimbia kuliko kumpanda mmoja, akaenda zake mjini, akatuachia deni la benki. Benki ikasema mwanamke hawezi kuendesha ranchi. Ukaja ukame, nikaswaga ng'ombe wa kuuza hadi stesheni ya treni ya Marree, mimi, Tilly na mjomba wake. Tilly alikuwa mjamzito, tumbo limegusa tandiko. Tulipokaribia, treni ikapiga honi, ng'ombe wote wakatawanyika kama maji yaliyomwagika. Nilijua tumekwisha. Tilly akapita pembeni yangu mbio, kalala juu ya shingo ya farasi, akawazunguka wale wa mbele, akawageuza huku akiwatukana kwa lugha tatu. Watu wa Marree walitoka madukani kutazama. Meneja wa benki naye alikuwepo, kofia mkononi, mdomo wazi.

Deni likalipwa, hati ikaja na jina langu. La Tilly halikuwemo, na wakati ule sikuona ajabu.

Niambie, pampu ya kaskazini inatoa sauti gani siku hizi?

Mama mkwe wako,
Edna


Tarrawinna, 18 Julai 1982

Mama,

Shikamoo. Afya yako? Mimi nimekonda, Tilly ndiye yuleyule.

Pampu ya kaskazini ilikuwa inalia kama mtoto anayeota meno. Sasa imenyamaza. Kisima kimekauka, mama. Tulishusha bomba mpaka mwisho, likapanda na matope tu.

Clive akaita kwenye redio ya mawasiliano: pakia ng'ombe wote kwenye malori, na mitamba pia, wapelekwe machinjioni. Nikamwambia maksai sawa, mitamba hapana. Tukichinja mitamba hata mvua ikija hatuna ranchi, tuna vumbi lenye ua. Akasema, "Hiyo siyo amri ya kujadili." Nikasema, "Basi tusijadili," nikazima. Kama unavyojua, majirani wote husikiliza redio asubuhi, kwa hiyo nimemwasi mwanao hadharani na wilaya nzima ni shahidi.

Tukawaswaga wenyewe mitamba kuelekea kusini, kwa majirani zetu akina Pengelly, waliopata manyunyu na wakakubali tulishe kwao. Njia ilikuwa mbaya. Waliokuwa wakilala bila kuweza kuinuka niliwapiga risasi. Tilly alitaka kunipokea bunduki, nikakataa. Nilisema mimi ndiye niliyewatoa nyumbani. Mmoja alikuwa na ndama tumboni anacheza, niliona ngozi inavyotikisika. Baada ya huyo nilikaa chini nikalia kwa Kigiriki.

Tilly akakaa pembeni yangu, akavuta sigara yake mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Sasa umeanza kufanana na Edna. Ila Edna alikuwa anatukana zaidi."

Wengi walifika, mama. Wanakula.

Kama nimekosea, nikaripie kwa barua, siyo kupitia kwa Clive.

Mkweo,
Stavroula


Tarrawinna, 9 Oktoba 1982

Mama,

Shikamoo. Ndege ya barua imekuja na kuondoka wiki baada ya wiki bila mwandiko wako. Rubani sasa akitua ananitikisia kichwa kabla hajafungua mlango.

Clive amesema redioni kwamba umechoka, na kwamba karatasi za kuuza ziko tayari. Nimeanza kukunja nguo. Tilly amezikunjua akazirudisha kabatini, anasema hajakusikia wewe.

Mimi pia. Nisemeshe, hata kwa ukali.

Stavroula


Adelaide, 4 Desemba 1982

Stavroula mwanangu,

Salamu. Mapafu yalijaa maji, nililazwa, mkono ukakataa kuandika. Sasa unatii.

Barua yako ya Julai nilisomewa na muuguzi. Alipofika kwa yule ng'ombe mwenye ndama aliishusha barua, ikabidi nimwambie, "Endelea, mama, sisi ndivyo tulivyo." Nilijivunia mpaka homa ikapanda.

Clive aliniletea karatasi kitandani. Nikamwomba kalamu. Akafurahi, maskini, akaniwekea na mto mgongoni. Nikaandika kwa herufi kubwa, HAPANA, nikamrudishia. Aliniita mwendawazimu mbele ya wauguzi. Nikamwambia aniitie wakili kabla wazimu haujanitoka.

Sasa sikiliza. Clive atabaki na nyumba ya huku na vyote vya mjini, hatakufa njaa. Tarrawinna ni yako, kwa jina lako, lile refu la Kigiriki, na wakili nimemsahihishia herufi mwenyewe. Sikupi kwa sababu ulikuwa mke wa Lloyd. Lloyd angewapakia wale mitamba. Alikuwa mpole, hakuweza kugombana na kaka yake. Nakupa kwa sababu uliwapeleka kusini.

Lakini chemchemi na ardhi inayoizunguka, kuanzia kilima chekundu hadi ua wa mashariki, itakatwa na kuandikwa kwa Tilly na wanawe. Wakili anasema serikali lazima ikubali na itachukua muda. Nimemwambia aanze leo. Mpelekee Tilly habari hii kwa mdomo wako, polepole. Nina hofu na jibu lake kuliko nilivyowahi kumhofia meneja yeyote wa benki.

Daktari hataki nisafiri. Sijampenda.

Mama yako,
Edna


Tarrawinna, 12 Machi 1983

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kuchelewa. Barua yako niliilaza chini ya mto wiki nyingi. Kila nilipoanza kukujibu, maneno yalikuwa madogo.

Mvua imenyesha. Mto umevunja ua, jikoni kuna vyura, na kiwanja cha ndege kilikuwa ziwa. Mitamba wamerudi, wengine na ndama. Nimesimama kwenye matope nikiwa na hati yenye jina langu nikashindwa kujua lipi ni gumu zaidi kuamini, mvua au hati. Asante, mama. Nitaishikilia kama ulivyoishikilia wewe.

Tilly nilimwambia kwa mdomo, polepole, kama ulivyotaka. Alikuwa anachuna sungura. Aliendelea kuchuna. Nikamuuliza nikuandikie nini. Akasema, "Usiandike. Haya siyo mambo ya barua." Akanawa mikono.

Leo ndege imetua kwa mara ya kwanza tangu mvua. Tilly, ambaye hajawahi kupanda ndege maishani, yupo ndani, amevaa viatu vya Krismasi na amemshika rubani ukosi. Barua hii ni yeye anayekuletea.

Mwanao,
Stavroula


Adelaide, 17 Machi 1983

Mwanangu,

Salamu nyingi. Tilly amefika salama. Clive alimfungulia mlango, akamwambia mgonjwa amepumzika. Tilly akapita chini ya mkono wake.

Alivuta kiti, akanitazama. "Umezeeka vibaya," akasema.

"Na wewe ulikuwa mbaya tangu zamani."

Kisha akasema, "Edna, mlichukua changu, mmekaa nacho miaka mia, sasa unanirudishia kipande. Unataka nikushukuru?"

"Hapana," nikamwambia. "Nataka nikuombe ruhusa."

"Ya nini?"

"Nizikwe kule, karibu na chemchemi. Ni kwako. Siwezi kwenda bila kuuliza."

Alinyanyuka akasimama dirishani muda mrefu, nikasikia magari ya barabarani yote. Tangu tukiwa wasichana sijawahi kumwomba Tilly kitu. Nilikuwa namwagiza tu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na alikasirika kwamba nimeyaona.

"Njoo kwanza uishi," akasema. "Ya kuzikwa tutaongea ukiacha kelele."

Ameshafungua kabati anapakia nguo zangu, vibaya, kama anafunga mzigo wa ngamia. Daktari anapiga kelele koridoni. Jumamosi ya wiki ijayo uje kiwanjani na gari.

Mama