Mifugo Haikuonekana

Baba watoto,

Sisi hatujambo. Yule kuku aliyetoroka amerudi mwenyewe, na bati la jikoni bado linavuja palepale.

Kibali cha kuuza mwani hatujapata. Fomu ya ofisi ya vibali ilikuwa na visanduku vitatu tu: mazao, mifugo, samaki. Nikatia alama kwenye mifugo, maana huu mwani wetu wa matangini hulishwa, na usipokorogwa mchana kutwa hufa. Sasa hiyo si mifugo? Basi wakaniletea daktari wa mifugo na sindano zake za chanjo. "Mama, zizi liko wapi?" Nikamwonyesha matangi ya maji ya kijani. Alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka, kisha akaandika: "Mifugo haikuonekana."

Anasema kanuni za mwani bado zinatungwa, nivute subira, nisiuze hata kijiko. Subira yenyewe nimeivuta mpaka imekatika. Magunia ya unga wa mwani yamejaa chumbani, nalala kwa ubavu. Lakini mwani hausubiri kanuni. Pampu inayoukoroga ilipokufa nikawa nakoroga kwa ule mwiko mrefu.

Usishangae mwandiko, ni wa binti yetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu wa kulia hauinuki tangu mwezi uliopita, na tangi la pili limeanza kunuka.

Uliuliza kama uongeze mkataba wa kazi huko. Hilo ni lako, mimi sikuiti. Nakwambia tu kwamba mwiko nimeuegemeza nyuma ya mlango.

Mama watoto