Mwaridi wa Kitinda

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, mwishoni mwa mvua.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie huko ughaibuni. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi huku tunapumua. Zaidi ya hapo nisingependa kukudanganya.

Mwili wa Mama haujambo. Anakula, analala, anatembea bila mkongojo. Kumbukumbu ndizo zinazomtoka. Juzi aliniuliza mimi ni binti wa nani. Nilipomjibu, "Wako," alinitazama kwa huruma, akasema, "Maskini, mama yako atakuwa anakutafuta."

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha niandike. Unaikumbuka miwaridi ya chini ya dirisha la jikoni, na ule mwekundu wa pembeni ambao Baba aliupanda ulipozaliwa, nao ukaitwa kwa jina lako. Sura yako Mama ameisahau. Picha yako ya ukutani huiita fundi saa. Mwaridi ule tu ndio aliobaki akiuita Kitinda. Kila jioni alijaza ndoo, akachukua kopo, akaumwagia maji kuanzia kileleni hadi majani yote yakalowa, huku akikaripia kama alipokuwa akikuogesha utotoni: "Simama vizuri. Shingo hiyo imejaa vumbi."

Mvua zilipoanza, majani yakaota madoa meusi, yakageuka manjano, yakapukutika. Nikamwita jirani yetu muuza miche. Alipomwona Mama na kopo lake alicheka, kisha akaacha.

"Dada, huo ni ukungu, nao hupenda jani linalolala na maji. Mnamwogesha mgonjwa wa mafua kwa maji baridi, tena jioni."

Mama hakukubali kusemwa. "Wewe mwenyewe huogi, ndiyo maana unamwonea wivu mwenzio."

Nilifuata yote niliyoelekezwa. Nilipogoa matawi yaliyoathirika, nikifuta mkasi kwa spiriti kila nilipohamia mti mwingine. Majani yaliyoanguka niliyaokota na kuyachoma, maana ukungu hujificha humo ukingojea mvua. Nikapunguza matawi ya katikati ili upepo upite, nikanyunyiza dawa juu na chini ya majani, na maji nikatia shinani tu, asubuhi. Miwaridi mingine ikachipua upya.

Wa kwako haukupata nafasi, kwani jua likishuka Mama alikuwa ameshaufikia. Nilificha kopo, akatumia kikombe. Nilificha ndoo, akalia, akisema kuna mwanamke humu ndani anayewanyima watoto wake maji. Mwanamke huyo ni mimi. Nikairudisha ndoo. Najua usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu ulikuwa mkononi mwa mzazi wangu.

Wiki iliyopita shina lilikuwa jeusi mpaka chini. Muuza miche akashauri tuung'oe kabla haujaiponza mingine. Niliung'oa asubuhi Mama akiwa bado amelala, nikauchoma nyuma ya nyumba. Jioni alitoka na ndoo yake, akasimama.

"Kitinda yuko wapi?"

"Amesafiri, Mama."

"Atarudi lini?"

Swali hilo, ndugu yangu, ndilo ninalokuandikia.

Tangu siku hiyo hulimwagia maji lile shimo. Udongo mtupu hauna jani la kuugua, kwa hiyo namwacha. Nimeambiwa ninunue mche mwingine niupande mahali pengine penye jua. Sitanunua. Yeye hatafuti mwaridi.

Ukija, uje jioni, wakati wa ndoo. Usijitambulishe, wala usimuulize kama anakukumbuka. Pita moja kwa moja, usimame pale pembeni ya dirisha la jikoni. Huenda asikujue uso. Shingo yako atajua la kuifanya. Vaa nguo usizojali zikilowa.

Shangazi anakusalimu, na Bwana Mkubwa, mume wangu, anasema kitanda chako hakijahamishwa. Nifikishie salamu kwa wifi na watoto. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, na akufungulie njia ya kurudi wakati mlango wa nyumbani ungali una mtu wa kukungoja.

Ni mimi nikupendaye daima,
Dada yako.