Msafara Umeondoka Bila Mimi

Garissa, Jumapili alasiri, 1966

Joto la leo halina huruma. Nimefunga dirisha kuzuia vumbi, nikashindwa kupumua, nikalifungua tena. Sasa vumbi limelala juu ya kila kitu, hata juu ya sanduku langu, ambalo nililifunga kamba tangu Ijumaa na sijapata moyo wa kulifungua.

Msafara wa Nairobi umeondoka saa moja asubuhi. Malori sita, askari mbele na askari nyuma. Karani aliita jina langu mara mbili, Mwalimu Mwakio, Mwalimu Mwakio, nami nimesimama hatua chache tu kutoka kwake. Mara ya tatu nikamwambia siendi. Akanitazama kama mtu aliyepigwa na jua, akakata jina langu kwa penseli, akaendelea na orodha.

Keshokutwa, Jumanne, mtihani wa kuingia masomo ya shahada ya pili unafanyika Nairobi. Nimeusomea miezi minne. Sitaufanya.

Nataka kuandika sababu leo hii, kabla sijaanza kujitungia iliyo nzuri zaidi.

Nianze na Dahir. Dahir ni mwalimu wa hesabu katika shule yetu, na mimi hufundisha Kiingereza. Yeye ni mtoto wa hapa hapa. Baba yake alichunga ngamia upande wa Modogashe hadi vita hivi vya serikali na shifta, waasi wa msituni, vikawamaliza ngamia, na baba mwenyewe akafuata muda mfupi baadaye. Amebaki na mama yake, Hooyo Faduma, kwenye nyumba ya udongo nyuma ya soko. Mimi ni Mtaita, nililetwa hapa na serikali miaka miwili iliyopita, bila ndugu wala jamaa. Watu wa bara hapa hukaa na watu wa bara, na wenyeji na wenyeji. Sisi wawili tulikutana kwa sababu tulikuwa na barua ya aina moja mfukoni.

Sote tulisoma Kampala, yeye mwaka mmoja nyuma yangu. Sote tuliandikia chuo kimoja cha ng'ambo. Jibu lilikuwa moja pia: tufanye mtihani, na atakayepata alama bora atapewa nafasi ya ufadhili. Nafasi ni moja. Tukatumiwa kitabu kimoja cha mazoezi, cha sote wawili, tukacheka, tukaamua kusoma pamoja.

Sehemu iliyonitesa, mimi mwalimu wa Kiingereza, ni ile ya kujaza mapengo. Unapewa sentensi iliyokatwa neno moja, wakati mwingine mawili, na chini yake maneno matano. Uchague linalofaa. Si msamiati wa sokoni huo. Ni maneno ambayo mtu anaweza kuishi na kufa bila kuyasikia. Mfano, nikiuandika kwa lugha yetu: "Ingawa jenerali alisifiwa kwa ______ wake, alitetemeka mlango ulipogongwa." Ushujaa, uchoyo, ulegevu, unyenyekevu, ukaidi. Huo ni rahisi. Kuna mingine ambayo maneno yote matano yanakutazama kwa uso mmoja.

Mimi nilikuwa nasoma sentensi na kukimbilia majibu. Dahir alikuwa akifunika majibu kwa kiganja.

"Bole bole, walaal, ndugu yangu," alikuwa akiniambia. "Usiangalie maneno kwanza. Uliza hili bengo linataka nini. Sentensi ina shingo kama ngamia. Ukiona 'ingawa', shingo imegeuka. Ukiona 'kwa hiyo', inakwenda mbele tu."

Pengo alilitamka bengo, na wala hakujali. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nne, na alikuwa akinishinda karibu kila siku. Kati ya sentensi ishirini yeye alikosa moja au mbili. Mimi nilikosa tano, sita. Tulinakili zile ngumu katika daftari lake, zamu kwa zamu, mwandiko wake na mwandiko wangu, mapengo wazi, ili tuyarudie kesho yake.

Tulisomea kwao kila baada ya sala ya alasiri hadi kafyu ilipokaribia. Hooyo Faduma alituletea chai ya maziwa ya ngamia, tamu mno, na akiniona nimekunja uso alikuwa akisema kwa Kiswahili chake, "Wewe hicho kitabu nakula wewe. Kunywa kwanza." Nilikunywa. Nilikula pia. Kwa miezi minne hakuna nyumba duniani niliyoijua kuliko ile.

Hilo nimeliandika makusudi.

Wiki mbili zilizopita lori lilikanyaga bomu la kutegwa ardhini kwenye barabara ya Modogashe. Kilonzo, mpishi wa shule yetu, alikuwa ndani, anarudi kutoka likizo. Tulimzika kwa haraka. Tangu siku hiyo walimu wa bara walianza kuongea kwa sauti ya chini Dahir anapoingia chumba cha walimu, naye akaanza kunywa chai yake nje. Mimi nilitoka nikanywa naye siku ya kwanza. Siku ya pili nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Ili kusafiri kutoka mkoa huu kila mtu anahitaji cheti cha ruhusa, na Msomali, ili apewe chake, anahitaji pia mtumishi wa serikali wa kumdhamini. Dahir aliandika jina langu. Hata hakuniuliza. Angeniuliza kwa nini?

Alhamisi asubuhi niliitwa kwenye ofisi ya vyeti. Ofisa ni mtu mpole kwa sura, ananiita mwalimu, akanipa kiti. Mbele yake kulikuwa na fomu mbili, yangu na ya Dahir.

"Mwalimu, huyu mtu unamjua?"

"Namjua, bwana."

"Unamjua vipi? Unaweza kuweka sahihi kwamba hana watu msituni? Maana leo nikimpa ruhusa na kesho jambo likitokea, nitawatafuta wote wawili. Na hii yako pia itabidi niitazame upya."

Alisema bila ukali, kama anayenishauri. Nilimfikiria Kilonzo. Nilifikiria fomu yangu, ambayo ilikuwa imeshapigwa muhuri, iko karibu na mkono wake.

"Namjua kazini tu," nikasema. "Nyumbani kwake sijui."

Akaandika. Sikuambiwa niape wala nini. Aliandika mstari mmoja, akashukuru, akanipa cheti changu. Yote hayakuchukua dakika kumi.

Nilijiambia nimeogopa, na kwamba mtu yeyote angeogopa. Ni kweli niliogopa. Lakini nikiwa njiani kurudi shuleni, cheti mfukoni, kulikuwa na kitu kingine ndani yangu, chepesi, karibu kama furaha, na nilikitambua kabla sijakizima.

Nafasi ni moja, na Dahir alikuwa bora kuliko mimi.

Jioni ile nilikwenda kwao kama kawaida. Nisingekwenda angeshangaa. Aliniuliza tukiwa bado tunavua viatu, "Wamekuita?"

"Wameniita."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia ukweli."

"Alhamdulillahi," akasema, na akafungua kitabu.

Tulifanya sentensi ishirini. Nilizipata zote. Mara ya kwanza tangu tuanze. Sijui akili yangu ilikuwa wapi, labda ilikuwa imejificha humo kwenye maneno kwa sababu kwingine kote kulikuwa kunawaka moto. Dahir alihesabu majibu, akahesabu tena, akanipiga mgongoni kwa kiganja kizima, akamwita mama yake aje asikie. "Hooyo! Amefika! Mwakio amefika!" Hooyo Faduma akapiga kigelegele pale mlangoni. Akanipa sukari guru nile. Niliila.

Hakuna chuki iliyowahi kuniumiza kama upendo wa jioni ile.

Ijumaa mchana fomu ya Dahir ilikataliwa. Saa tisa askari walikwenda kupekua nyumba za nyuma ya soko, na wakaanza na ya kwao. Mtu ambaye mwenzake wa kazi hamjui nyumbani ni mtu wa kutazamwa. Hayo ni maneno ya mwalimu mkuu, aliyenisimulia Jumamosi asubuhi huku akitikisa kichwa, bila kujua anamsimulia nani. Askari hawakupata bunduki wala risasi. Walipata daftari.

Kurasa na kurasa za sentensi za Kiingereza, kila moja imekatwa neno. Majenerali, mashahidi, waasi, mahakimu. Nafasi zilizoachwa wazi. Wakamuuliza ni ujumbe wa nani, na maneno yanayokosekana yako wapi. Dahir akawaeleza mtihani. Wakauliza kitabu kiko wapi.

Kitabu nilikuwa nimekichukua mimi Alhamisi ile, nikajisomee siku za mwisho.

Wakampeleka kambini, wanakozuiliwa washukiwa.

Nilikwenda kwa Hooyo Faduma jana hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri. Nilimkuta ameketi chini anakunja nguo za mwanawe ndani ya shuka. Macho yake makavu. Alinieleza jambo ambalo mwalimu mkuu hakulijua: askari waliona miandiko miwili, wakamuuliza Dahir wa pili ni wa nani. "Akasema wangu. Yote wangu. Wakamgonga, akasema wangu."

Basi nikamwambia. Nilisema yote, ofisi, fomu, mstari ule mmoja. Sikupiga magoti, nashukuru kwa hilo, maana angelazimika kuniinua. Alisikiliza mikono ikiwa imesimama juu ya shati.

"Wewe nakula hapa," akasema mwisho. "Siku ngapi wewe nakula hapa?"



Nilitegemea anifukuze. Ningeshukuru kufukuzwa. Badala yake alifunga shuka, akakaza fundo kwa meno, akanisukumia furushi lile kifuani.

"Mimi sitaki kulia na wewe. Mimi kule getini wanarudisha. Wewe mtu wa bara, wewe watakusikia. Beleka nguo."

Nikapeleka. Mlinzi alinisikia, kweli. Alinisalimu, aliniita ndugu, akachukua furushi, akaahidi kulifikisha. Kumwona Dahir hapana. Nikauliza atakuwepo hadi lini. Akasema waliokamatwa kwenye upekuzi wa Ijumaa watahamishwa Jumanne, na yeye hajui watapelekwa wapi.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja ofisini, kitabu kwapani. Ofisa alikuwa amesafiri. Karani akaniambia taarifa ya udhamini hupokelewa na ofisa mwenyewe, si mtu mwingine, naye atarudi Jumatatu saa mbili.

"Jumatatu wewe utakuwa Nairobi, mwalimu," karani akanikumbusha kwa wema. "Andika barua, uache."

Nilirudi nyumbani nikaandika barua. Niliandika tatu. Zote zilikuwa nzuri, Kiingereza safi, maneno ya mtihani, na kila niliposoma niliona karatasi ambayo mtu anaweza kuiweka chini ya karatasi nyingine. Lazima nisimame pale. Lazima aone mwandiko wangu ukitoka mkononi mwangu, aulinganishe na ule wa daftari, aone na kitabu. Msafara mwingine ni Alhamisi. Mtihani mwingine ni mwaka ujao, kama chuo kitatusubiri, na kama kutakuwa na sisi.

Nisijisifu hapa. Asubuhi ya leo, injini zilipowashwa, miguu yangu ilitaka kwenda. Nilishika seng'enge ya ua kwa mkono wa kushoto ili niwe na kitu cha kushika. Lori la tatu lilipopita niliona nafasi yangu kwenye benchi, kati ya mwanamke na gunia la vitunguu. Nimeumia. Naandika hilo pia. Nimemwuza rafiki yangu na bado nilipata nafasi moyoni ya kuulilia mtihani.

Mwalimu mkuu amepita hapa saa sita kunishauri. Anasema nisijitie kwenye mambo ya watu hawa, kwamba naweza kupoteza kazi, kwamba naweza hata kulala huko huko kambini. Nilimwuliza kama Dahir amemfundishia vibaya hata siku moja. Akasema hapana, Dahir ni mwalimu mzuri kuliko wote aliowahi kuwa nao. Nikamwomba kesho na yeye aje ofisini, aseme hivyo hivyo. Akavaa kofia yake, akasema ana kikao.

Simlaumu. Alhamisi mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye.

Kwa hiyo kesho saa mbili. Nitakwenda na kitabu, na zile sentensi nilizonakili kwa mkono wangu kwenye karatasi nyingine, ili walinganishe. Nitaweka sahihi kwenye fomu ya Dahir wakikubali kuitoa tena, na wasipokubali nitakaa kwenye benchi la nje hadi waniondoe. Ofisa nimeshamzoea kidogo katika mawazo yangu. Nimemjibu mara nyingi tangu jana, na kila mara ninajibu vizuri zaidi.

Ninayemwogopa ni Dahir. Kwa ajili ya miandiko ile huenda wakamleta ofisini, tukasimamishwa ana kwa ana, yeye na shati alilokunjiwa na mama yake. Hadi sasa hajui. Anadhani niko njiani kwenda Nairobi, na namjua, ananiombea nifike salama na nifaulu.

Atakaponiona mlangoni, uso wake utafurahi kwanza. Halafu itanibidi niseme. Nitaanza na neno gani?